Bukavu: Mchezo wa video unapoisha bila jibu, vijana wa Nguba hubaki na nini?

Umeme ulirudi Nguba saa mbili za usiku. Kijana mmoja wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliwasha televizyo mara moja, maana alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho ya mchezo aliokuwa akiucheza kwa wiki tatu. Aliumaliza saa saba za usiku. Hakupata usingizi mpaka kulipokucha.

Mchezo wenyewe ni The Last of Us Part II, uliotengenezwa na kampuni ya Naughty Dog ya Marekani na kutolewa Juni 2020. Msichana anayeitwa Ellie anasafiri mbali kulipa kisasi cha Joel, mtu aliyemlea kama baba. Mwishoni anampata adui yake, anamwachilia, kisha anarudi nyumbani na kukuta nyumba tupu. Mwenzake ameondoka na mtoto. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimekatika, kwa hiyo hata gitaa aliyopewa na Joel hawezi kuipiga vizuri tena. Anaiegemeza dirishani, anatoka nje, anatembea kuelekea porini. Mchezo unaishia hapo, wala hausemi anakwenda wapi.

Kijana huyo anaeleza kwamba vifo vya ndani ya mchezo havikumsumbua, kwa kuwa ameviona vingi. Kilichomkosesha usingizi ni kutojua msichana yule alifika wapi. Nyumbani kwao kuna swali kama hilo. Yaya yake, mtoto wa kwanza wa familia, aliondoka mwaka 2019 kwenda kuchimba zahabu upande wa Shabunda. Alipiga simu mara mbili, kisha kimya. Familia haijaweka kilio, na haijaacha kungoja. Ndiyo sababu jina lake halitajwi hapa.

Wasomaji ambao bado wanataka kuicheza michezo inayozungumziwa katika habari hii wajue mapema: miisho yake inaelezwa waziwazi.

Kutoka mpira hadi hadithi

Nguba iko katika komini ya Ibanda, kando ya Ziwa Kivu, karibu na mpaka wa Ruzizi unaotenganisha Bukavu na Rwanda. Kama mitaa mingine ya mji, ina vijana wanaopenda michezo ya video, na wengi wao wanacheza mpira. Mechi ni ya dakika chache, kuna mshindi na kuna mshindwa, anayeshindwa anaacha manete na mwingine anakaa. Hakuna anayekwenda kulala akijiuliza mechi ilimaanisha nini.

Michezo yenye hadithi ni kitu kingine. Inachukua saa 10, 20, hata 60. Mchezaji anatembea na mtu mmoja kwa wiki nyingi, anamlisha, anamficha, anamchagulia la kusema. Maneno mara nyingi yako kwa Kifaransa ama Kiingereza, kwa hiyo anayeelewa lugha anawatafsiria wadogo kwa Kiswahili huku wakitazama. Umeme wa SNEL ukikatika katikati, hadithi inangoja hadi kesho.

Kwa sababu hiyo mwisho wa mchezo wa namna hii unagusa kuliko mwisho wa filamu. Katika filamu mtazamaji anaona mtu mwingine akikosea. Katika mchezo, kidole kilichobonyeza ni chake.

Mfano unaojulikana zaidi ni The Last of Us ya kwanza, ya mwaka 2013. Ellie ana mwili usioshikwa na ugonjwa ulioharibu dunia. Waganga wanataka kumpasua ili watafute dawa, na upasuaji huo utamuua. Joel anawaua waganga na kumtoa msichana. Baadaye Ellie anamuuliza ukweli, naye anamdanganya akimtazama usoni. Ellie anaitikia kwa neno moja, na mchezo unafungwa. Je, alimwamini? Je, baba yule alifanya vizuri kuokoa mtoto mmoja na kuwanyima dawa watu wote? Zaidi ya miaka kumi imepita, na wachezaji bado wanabishana.

Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018, inamuua mhusika wake mkuu kwa njia ambayo mkaaji wa Bukavu anaielewa haraka: kifua kikuu. Arthur Morgan, jambazi wa Marekani ya mwaka 1899, anaambukizwa siku anapompiga mgonjwa maskini aliyeshindwa kulipa deni. Kuanzia hapo anakohoa, anakonda, na hakuna kitufe cha kumponya. Mchezaji anaweza kubadilisha jinsi atakavyokufa, kama mtu aliyetubu ama kama mtu aliyebaki mbaya. Kufa kwenyewe hakubadiliki.

Kwa nini kichwa hakiachi

Mwaka 1927, mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha utafiti kuhusu kazi zilizokatishwa. Inasimuliwa kwamba wazo lilianzia mkahawani: mhudumu alikumbuka vizuri oda ambazo bado hazijalipwa, lakini zikishalipwa alizisahau. Katika majaribio yake, watu walikumbuka zaidi kazi walizozuiwa kumaliza kuliko zile walizomaliza. Tafiti zilizofuata hazikutoa zote matokeo yaleyale, lakini mtu yeyote aliyeacha ugali motoni akaenda kwa jirani anajua hali yenyewe. Kichwa kinarudi jikoni.

Watengenezaji wa michezo wanalijua hilo. Mwisho ulio wazi unamfanya mchezaji aendelee kuufikiria mchezo baada ya kuzima mashine. Hilo linaweza kuwa zuri: mtu anajifunza kupima jambo pande mbili. Linaweza pia kuwa baya, pale mtu anapobaki peke yake usiku na swali ambalo halina mtu wa kulijibu.

Hasira nayo ina historia yake. Machi 2012, kampuni ya BioWare ilitoa Mass Effect 3, sehemu ya tatu ya hadithi ambayo watu walikuwa wameifuata kwa miaka mitano. Mwishoni mchezaji aliwekewa njia tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na wengi waliona kwamba zote zinafika karibu mahali pamoja. Kundi la wachezaji likaituma kwa kampuni keki ndogo zipatazo 400, zenye sukari ya rangi hizo tatu, lakini ladha yake ni moja. Ujumbe ulieleweka. Juni mwaka huohuo BioWare ilitoa bure nyongeza iliyoeleza zaidi yaliyowapata wahusika.

Si wote waliolalamika kwa keki. Mwaka 2020, Laura Bailey, mwigizaji aliyetoa sauti ya Abby, adui wa Ellie katika The Last of Us Part II, alitumiwa vitisho vya kuuawa. Kosa lake lilikuwa kuigiza. Watu walioshindwa kuubeba mwisho wa hadithi walitafuta mtu wa kumtwika.

Wazee walikuwa na migani

Kuna anayesema kwamba hadithi zisizo na mwisho mzuri ni jambo la wazungu na mashine zao. Anayesema hivyo amesahau moto wa jioni. Afrika ina hadithi nyingi za mtanziko, zile ambazo msimuliaji anazikata mahali pagumu na kuwauliza wasikilizaji: nyinyi mngefanya nini? Mwanaanthropolojia Mmarekani William Bascom alizikusanya nyingi katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Moja ya zinazosimuliwa mahali pengi ni ya mtu aliye mtoni na mama yake pamoja na mke wake. Mtumbwi unapinduka. Nguvu zake zinatosha kumvuta mmoja tu. Amwokoe nani? Msimuliaji hatoi jibu. Vijana wanasema mke, kwa sababu ndiye atakayezaa. Wengine wanasema mama, kwa sababu mke anaweza kuolewa mwingine lakini mama hapatikani tena. Bibi aliyeko pembeni anauliza kwa nini hakuna aliyewafundisha wanawake kuogelea. Ubishi unaendelea mpaka makaa yanazima.

Tukiweka hadithi hiyo karibu na Life is Strange, mchezo uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya Dontnod ya Ufaransa, tofauti ni ndogo. Msichana Max ana uwezo wa kurudisha muda nyuma. Mwishoni dhoruba inaukaribia mji wao, naye lazima achague: rafiki yake Chloe afe ili mji upone, ama Chloe aishi na mji uangamie. Hakuna njia ya tatu. Ni mtumbwi uleule.

Tofauti kubwa iko mahali pengine. Hadithi ya mtanziko haikusimuliwa kwa mtu mmoja. Ilihitaji watu kumi, wakubwa na wadogo, na swali gumu liligawanywa kama mzigo wa sokoni: kila mmoja alibeba kidogo. Kijana anayemaliza mchezo peke yake, akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, amepewa swali la watu kumi alibebe mwenyewe.

Msimamizi wa sali moja ya michezo huko Nguba anasema ameliona hilo bila kusoma kitabu. Kwake, watoto wanaomaliza mchezo wa hadithi pamoja hutoka wakipiga kelele, wakigombana nani alikuwa na haki, na baada ya siku mbili wameshahamia mchezo mwingine. Anayemaliza peke yake nyumbani ndiye anayekuja kesho yake, anakaa kwenye benchi, na kuuliza kama kuna mtu mwingine aliyefika mwisho.

Vita vya raia kwenye kioo

Kuna mchezo mmoja unaopaswa kujulikana zaidi katika mji kama Bukavu. Unaitwa This War of Mine, na ulitolewa Novemba 2014 na kampuni ya 11 bit studios ya Poland. Watengenezaji wake waliongozwa na mazingiwa ya Sarajevo, mji wa Bosnia uliozungukwa na vita kuanzia 1992 hadi 1996. Mchezaji hapewi cheo cha askari. Anaongoza raia wachache waliojificha katika nyumba iliyobomoka. Mchana wanapika, wanatengeneza kitanda, wanaziba dirisha. Usiku mmoja wao anatoka kutafuta dawa na chakula. Kuna nyumba ya wazee wawili wenye akiba. Unaweza kuwaibia. Ukifanya hivyo, utarudi na chakula, na wenzako wataanza kukata tamaa.

Siku moja vita vinaisha, na mchezaji hajui mapema ni siku gani. Hakuna bendera wala shangwe. Yanaandikwa maneno machache kuhusu kila mtu: huyu alipona, huyu hakurudi kuwa kama zamani. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuweka mchezo huo katika orodha ya vitu ambavyo wanafunzi wa sekondari wanaweza kuvisoma kwa hiari, pamoja na vitabu.

Mkaaji wa Bukavu haoni ajabu katika mwisho wa namna hiyo. Mji uliingiliwa na vita mwishoni mwa Oktoba 1996, siku ambazo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa. Ulitekwa tena Juni 2004. Tangu Februari 2025 uko mikononi mwa AFC/M23. Kila mara watu waliambiwa kwamba ukurasa umefungwa. Aliyekuwa mtoto mwaka 1996 leo ana watoto wanaouliza swali alilouliza yeye.

Hata mashine yenyewe ina sehemu yake katika hadithi. Koltani inayochimbwa Kivu hutoa tantali, madini yanayotumika kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Mwaka 2000, mwaka ambao PlayStation 2 iliingia sokoni, bei ya tantali duniani ilipanda kwa kasi, na watu wengi wa mashariki mwa Kongo wakaacha mashamba kwenda kuchimba. Bei ilianguka mwaka uliofuata. Wengine walirudi, wengine hawakurudi.

Kupotewa bila kaburi

Mtaalamu wa familia Pauline Boss, wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuzifuatilia familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba huzuni yao haikufanana na ya wajane wa kawaida. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na siku ya kuzika, na kila aliyetaka kulia alijiona anamsaliti anayeweza kuwa hai. Hali hiyo aliieleza kama kupotewa kusiko na hakika, na mwaka 1999 alitoa kitabu juu yake.

Fundisho lake kuu linakwenda kinyume na ushauri wa majirani. Majirani husema: kubali, funga jambo, songa mbele. Boss anaeleza kwamba familia kama hizo hazidaiwi kufunga jambo ambalo halijafungwa. Zinahitaji kujifunza kushika mambo mawili kwa pamoja: huenda amekufa, huenda yuko hai, tunamkumbuka, na pia tunaendelea kupika, kusoma na kuoa.

Kivu inazo familia nyingi za namna hiyo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa na watu wengi kupita kiasi. Baadhi ya miili haikupatikana. Kwa waliobaki ufukweni, ziwa halikutoa jibu.

Hapa ndipo mchezo wa video unapogusana na maisha. Mwisho wenye giza hauleti jeraha jipya kila mara. Mara nyingi unagusa lililokuwapo. Kijana anadhani anamlilia Ellie, kumbe anamlilia mtu wa kwao.

Michezo mingine imejengwa juu ya huzuni kama hiyo kwa makusudi. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeianza kutokana na kufiwa na baba yake. Kijana mganga Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba. Safari yote ni ya kujifunza kwamba harudi. Mchezo huo una sauti za Kiswahili, jambo ambalo ni nadra sana. Kwa mtoto wa Nguba, kusikia kifo kikiongea lugha ya nyumbani si sawa na kukisoma kwa Kifaransa chini ya kioo.

Yanayosaidia

Yafuatayo hayahitaji pesa.

La kwanza ni kutomaliza peke yako. Mchezo ukikaribia mwisho, ita rafiki ama ndugu. Kama umeshaumaliza, msimulie mtu kuanzia mwanzo, hata asiyecheza. Anayesimulia analazimika kupanga mambo, na mambo yaliyopangwa yanapungua uzito.

La pili ni kuandika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Mwanzoni walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata waliokuwa wameandika yaliyotukia pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wengine. Daftari la shule linatosha.

La tatu ni kuuliza swali sahihi. Badala ya kutafuta usiku kucha maelezo ya nani alikufa kweli, jiulize: ni nani nilimkumbuka wakati wa mwisho ule? Jibu la swali hilo mchezaji analo mwenyewe.

La nne linawahusu wazazi. Mtoto anayelia kwa ajili ya mchezo asichekwe. Aulizwe hadithi ilikuwaje. Na mchezo wenye mauaji usiachiwe mtoto mdogo kwa sababu tu uko mkononi mwa yaya yake. Umri unaofaa huandikwa kwenye jalada.

La mwisho: kama usingizi unakosekana kwa zaidi ya wiki mbili, mtu anaacha kula, anajitenga ama anazungumza juu ya kujiua, hilo si jambo la mchezo tena. Apelekwe kituo cha afya. Bukavu ina pia kituo cha SOSAME kinachoshughulikia afya ya akili. Kwenda huko si kuwa mwendawazimu, kama vile kupima malaria si kuwa maiti.

Mama alipotazama

Wiki moja baada ya usiku ule, mwanafunzi wa Nguba aliwasha tena sehemu ya mwisho ya mchezo, safari hii mama yake akiwa sebuleni akichambua maharagi. Mama aliuliza kwa nini msichana yule ameacha gitaa. Kijana akamweleza. Mama akauliza anakwenda wapi. Kijana akasema hakuna anayejua.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba labda anarudi kwa mwenzake na mtoto. Mdogo wake wa kike akapinga: amechoka, anakwenda kuanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua. Walibishana mpaka maharagi yakaisha kwenye sinia. Kijana anakumbuka kwamba katikati ya ubishi ule mama alilitaja jina la mtoto wake wa kwanza, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na hakuna aliyetoka chumbani.

Familia imekubaliana kuomba misa kwenye parokia yao. Haitakuwa misa ya marehemu. Padri ataombwa alitaje jina na kusema kwamba watu wa nyumbani kwake wanamkumbuka, popote alipo. Sahani yake bado iko kabatini.